Miaka Ishirini na Saba ya Mama Lerionka

Jumatatu, 6 Juni 1955

Nimeona ajabu leo.

Nilishuka mjini na mkungu wangu wa ndizi kichwani. Nikapita nyuma ya soko, kwenye karakana ya Bibi Kusum, yule mjane wa Kihindi anayeuza sweta za shule. Dirisha wazi. Nikachungulia kidogo. Kidogo mpaka mguu ukafa ganzi na mkungu ukanielemea shingo.

Mashine! Si cherehani, cherehani naijua. Hii ni chuma kirefu kama ubavu wa fahali, na sindano zimepangwa juu yake kama meno ya kitana. Bibi Kusum anashika mpini wa kigari kidogo, anasukuma. Chraaa! Kimekwenda. Chraaa! Kimerudi. Na huko chini sweta inateremka yenyewe, polepole, kama ulimi wa ndama. Mimi nilifuma soksi moja nilipokuwa shule ya misheni. Ilinimalizia Kwaresima nzima na haikuwa na kisigino. Yule mama alimaliza mgongo wa pili wa sweta ya mtoto nikiwa bado nimeduwaa na mgongo wa kwanza. Ee Mungu, akili hizi umewapa watu lini? Nami nilikuwa wapi?

Mlangoni pana tangazo. Nikalisoma mwenyewe, maana kusoma najua. Serikali, idara ya Ustawi, imemletea Bibi Kusum mashine sita. Wanatafutwa wanawake sita Waafrika. Watafundishwa, kisha wataajiriwa hapo hapo. Wawe wanajua kusoma. Wawe na macho mazuri. Wasizidi umri wa miaka thelathini na mitano.

Hapo nikatua mkungu.

Mimi nilizaliwa Wajerumani wakiwa bado wanawachapa watu wabebe mawe ya kujengea boma lao. Ukihesabu, hesabu inakuwa mbaya.

Lakini sina njia nyingine. Mwanangu Lerionka ameamua kwamba mwisho wa mwezi atanipandisha mlimani, Olmotonyi, nikakae kwa shemeji yangu Saning'o, ndugu wa marehemu mume wangu. Anasema, Yeyo, yaani mama, umechoka, sasa ni wakati wako wa kukaa tu. Mtoto mwema sana. Anaendesha lori la Bwana Hatim, lori la tani saba! Hakuna Mwarusha mwingine anayeligeuza lile dude pale darajani bila kugusa ukuta. Lakini katika hili la kukaa tu, amekosea. Kukaa tu ni kazi ya chungu kilichopasuka. Saning'o ataniweka pembeni mwa moto, atanipa maziwa, atanieleza habari za mbuzi wake mpaka nife.

Nimeamua. Nina miaka thelathini na minne. Nimejitazama kwenye maji ya karai. Kukiwa na giza kidogo, inakubalika.

Jumanne, 7 Juni

Siku mbaya! Mbaya!

Niliwaza usiku kucha. Kikwazo si uso wangu, uso una kitambaa. Kikwazo ni jina. Mtaani kwetu Sakina kote naitwa Mama Lerionka. Na Lerionka ana upara. Mwanamke wa miaka thelathini na minne atampataje mtoto mwenye upara?

Basi nikapata akili. Kitinda mimba wangu ni Nasieku, ana miaka kumi na minne, yuko shule ya kati, wa kwanza darasani, mwalimu wake amesema hajapata kuona kichwa kama kile. Kuanzia leo niwe Mama Nasieku! Nikapita nyumba kwa nyumba asubuhi. Nikawaambia wote kwa upole, jamani, msiniite tena Mama Lerionka. Niiteni Mama Nasieku. Wakanitazama. Wengine wakaweka mkono mdomoni. Jamaludin, fundi baiskeli, akaacha gurudumu linazunguka hewani, akauliza kwa sauti ya chini tangu lini. Nikamwambia tangu leo alfajiri. Akavua kofia.

Nilirudi nyumbani nimeridhika. Sikufikiri. Nani anaacha kuitwa kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, ila mama aliyefiwa naye?

Mchana wakaanza kuja. Kwanza akina mama wa kanisani na kuni. Kisha maziwa. Kisha wazee. Nikadhani wamekuja kunipongeza kwa jina jipya, nikawakaribisha kwa uso wa furaha, wakasema maskini, amerukwa na akili kwa majonzi. Wakanikalisha chini kwa nguvu. Wakaanza kulia. Wakalia vizuri sana, lazima niseme. Mmoja alisema Lerionka alikuwa nguzo ya ukoo, mwingine akasema alikuwa haringi ingawa alikuwa na lori. Maneno matamu! Nami nikaanza kulia, kwa fahari. Ni mama gani angewanyamazisha?

Kwenye saa za jioni lori likasimama katikati ya barabara ya Nairobi. Lerionka akashuka. Akasikia analiliwa. Mama mmoja alipomwona akatupa kibuyu na kukimbilia mahindini, na wengine watatu nyuma yake.

Mwanangu amekasirika. Ameuliza nani alianzisha neno hili. Nimesema sijui, watu wa Sakina wana midomo. Maziwa yamebaki mengi, Nasieku anagandisha mtindi.

Alhamisi, 9 Juni

Siku ya kuandikishwa. Niliamka kabla ya jogoo. Nilifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, na ncha za masikio yangu, zile ndefu tulizotobolewa zamani, nikazikunja na kuzificha ndani. Mlima Meru ulikuwa wazi wote, mweusi, mkubwa, umesimama juu ya mji kana kwamba nao umekuja kusikiliza. Nikausalimu. Ule tu ndio ninaokubali kuusalimu kama mkubwa wangu.

Na nani yuko mlangoni kwa Bibi Kusum? Namnyaki!

Namnyaki wa Sombetini. Tulibatizwa siku moja, maji ya bakuli moja, mchungaji mmoja. Nikizeeka mimi, amezeeka yeye, hakuna njia ya kutuachanisha. Naye kajifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi.

Aliponiona akainama haraka, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wasichana wote waliosimama foleni: shikamoo, mama!

Nyoka! Nikiitikia marahaba, nimekwisha, mimi ndiye mzee. Nikameza ile marahaba. Nikainama chini zaidi, nikasema shikamoo mama, yaani yeye. Akasema hapana, shikamoo wewe. Nikasema haiwezekani, shikamoo wewe uliyenilea. Tukainamiana hivyo, kila mmoja akishuka, mpaka vitambaa vyetu vikakutana karibu na kizingiti. Hakuna aliyeitikia. Wasichana walicheka hadi wakashikana mabega.

Ndani yuko karani, Elinami, kijana wa Kimeru, ndevu zenyewe bado zinauliza njia. Akasimama kwa adabu, akasema shikamoo mama. Nami, kabla hajafunga mdomo, nikampiga shikamoo yangu! Kijana akarudi nyuma akagonga kiti. Akatazama kulia na kushoto. Mwisho akasema marahaba kwa sauti ya mtu anayekiri wizi. Nafikiri hatalala leo.

Namnyaki alitangulia. Nikasikia kupitia mlango: thelathini na miwili. Nilipoitwa, nikasema thelathini. Namnyaki akarudisha kichwa ndani, akasema samahani karani, nimekumbuka vizuri, ni ishirini na minane. Nikasema mimi ishirini na saba. Namnyaki akafungua mdomo, akaufunga. Binti yake wa pili ana miaka ishirini na minane. Hata uongo una mpaka wake. Wangu haukuuona. Elinami akaandika jina langu la ubatizo, Magdalena, na mbele yake ishirini na saba.

Kisha akauliza mdhamini, ndugu mwenye kazi. Hapo ningesema Saning'o, mambo yangekwisha. Lakini mtu ana mwana kama Lerionka, atamtaja vipi Saning'o? Nikasema Lerionka wa lori la Hatim. Nikaeleza tani saba. Nikaeleza daraja. Nikaeleza alivyolitoa lori kwenye tope la Namanga peke yake kwa mbao mbili na sala moja. Elinami akasikiliza, akasema kweli ni mtu, akauliza ni nani wako. Nikasema kaka yangu mkubwa.

Imetoka hivyo tu. Lerionka, nisamehe. Ulikuwa mtoto mzito kuzaliwa.

Ijumaa, 10 Juni

Jaribio la macho. Nilijiandaa! Nilijua watatupa sindano na uzi. Jana jioni nilimwambia Nasieku anitungie sindano tano, nikazichomeka kwenye pindo la kanga. Mpango: napewa sindano, naigeuzia kifuani, naidondosha, natoa yangu iliyotungwa. Nani atajua?

Walikuwapo Bibi Kusum na Memsahabu wa Ustawi, mwanamke mrefu wa Kizungu mwenye soksi za sufu. Bibi Kusum akanipa sindano. Nikageuka. Nikadondosha. Nikatoa yangu. Nikaiinua juu kwa ushindi.

Uzi wao ulikuwa mwekundu. Wangu mweupe.

Memsahabu akatazama ile sindano kama mtu anayetazama muujiza wa Kana, maji yakigeuka divai. Bibi Kusum akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Wakati ule ule sikio langu la kulia likachomoka kwenye kitambaa, likaning'inia.

Bibi Kusum hakunitukana. Alinishika bega, akasema kwa huruma kubwa kwamba mtu wa miaka ishirini na saba mwenye macho kama yale aende hospitali leo leo, asingoje kesho, huenda ni ugonjwa mzito unaokula vijana. Nikamshukuru. Ningesema nini?

Wamechukua wasichana sita. Wabichi wote, vidole kama maharage machanga. Namnyaki naye ameachwa. Hiyo ndiyo habari njema pekee.

Lakini waliniacha nipite karibu na mashine nikitoka. Nikaigusa. Ilikuwa ya moto kidogo, kama mnyama. Nimeinusa mikono yangu njia nzima mpaka Sakina: mafuta na sufu.

Jumapili, 12 Juni

Kanisani. Namnyaki aliomba kwa sauti, Bwana uwasamehe wale wanaodanganya umri wao. Nilisema amina kwa sauti kubwa kuliko yeye.

Baada ya chakula Lerionka akatangaza. Alhamisi ya mwisho wa mwezi lori halina safari, Bwana Hatim amemkubalia alitumie. Kitanda changu, sanduku, kuku. Saning'o amekwisha kunitengea pembe ya nyumba. Nikasema kwa utaratibu kwamba ningependa kufanya kazi kwa Bibi Kusum. Akacheka vizuri, kama unavyomchekea mtoto anayetaka kuendesha lori. Kisha akaacha kucheka. Akasema, Yeyo, watu watasema nini? Kwamba Lerionka wa tani saba ameshindwa kumlisha mama yake, amemtuma akafanye vibarua kwa Mhindi?

Nikamwongezea nyama.

Jumatatu, 20 Juni

Kila siku naenda mjini na ndizi. Kila siku dirisha lile lile. Siuzi, natazama. Ndizi zimeanza kuwa nyeusi.

Yuko msichana mmoja, Simaloi, mashine ya karibu na dirisha. Mkono mwepesi! Leo alikosea, nyuzi zikaachia, kipande kizima kikaanguka chini. Nilipiga kelele huku nje kana kwamba ni mtoto ameanguka. Bibi Kusum akatoka na ufagio. Nikadhani ni wangu. Akanitazama, akatazama ndizi, akaniuliza yale macho nimeyapeleka hospitali? Nikasema nangoja zamu. Akatikisa kichwa, akafagia kizingiti kisichokuwa na takataka, akarudi ndani. Dirisha hakulifunga.

Nimeelewa jambo moja. Ile mashine haina haraka. Yule anayesukuma kwa pupa ndiye anayeangusha. Inataka mtu anayesukuma kama anayetikisa kibuyu cha maziwa huku akiongea na jirani. Naiota. Chraaa.

Jumanne, 28 Juni

Karakana imepinduka! Simaloi mwenyewe alinisimulia dirishani.

Mmoja ameolewa, mume amesema mke wake hasukumi vyuma vya mtu. Wa pili ana mimba, harufu ya mafuta inamtapisha. Wa tatu ameondoka na dereva wa basi kwenda Nairobi, ameacha sweta ina mkono mmoja. Memsahabu wa Ustawi alikuja jana, akakuta mashine tatu zimefunikwa shuka kama maiti. Akapandisha sauti. Bibi Kusum naye akapandisha. Alisema, Memsahabu, ile sheria ya miaka thelathini na mitano ni yako, si yangu. Mimi mwenyewe nilijifunza mashine hii baada ya kumzika mume wangu, nikiwa bibi wa wajukuu. Nipe wanawake waliomaliza! Waliomaliza kuzaa, kuolewa na kupenda madereva.

Na Memsahabu amekubali. Tangazo jipya limebandikwa. Sharti la macho limefutwa, anayehitaji miwani atapimwa na kupewa. Wanatafutwa wanawake watatu waliotimiza miaka arobaini na mitano.

Nilisoma mara mbili. Nikamtukuza Mungu kwa sauti pale barabarani, punda wa mtu akashtuka. Serikali nzima, yenye bendera na polisi, imegeuka kwa ajili yangu!

Nikaingia mbio. Namnyaki alikuwa kanitangulia, vitambaa vyake vyote kavua, kichwa kipara kinang'aa, kajishika kiuno anakohoa. Mwigizaji! Nikamwambia Elinami andika hamsini na minne. Elinami akafungua daftari lake, akatazama, akasema kwa upole mkubwa: pole, dada yangu.

Dada!

Akasema humu ni ishirini na saba. Na mwenzako ni ishirini na minane. Memsahabu amekataza kugeuza umri wa mtu, maana mwezi huu, amesema, ameona wanawake wanaozeeka haraka kuliko magazeti. Anayetaka kugeuza alete ushahidi.

Nikasema Namnyaki ni shahidi wangu, tulibatizwa pamoja. Elinami akasema mtu wa miaka ishirini na minane hawezi kushuhudia ubatizo wa zamani hivyo. Namnyaki akanigeukia, akasema basi wewe uwe shahidi wangu. Elinami akasema huyu ndiye mdogo zaidi.

Tulikaa mimi na Namnyaki kizingitini. Halafu akaniuliza taratibu, kwa nini hukuishia thelathini, wewe mwanamke? Nikasema na wewe je.

Ushahidi. Ushahidi wangu una upara na unaendesha lori. Na keshokutwa unanipeleka Olmotonyi. Na pale kwa Elinami umeandikwa kaka yangu.

Alhamisi, 30 Juni

Naandika mikono ikinuka mafuta. Ngoja nianze mwanzo.

Alfajiri Lerionka alipakia kitanda. Akapakia sanduku. Alipokwenda kuwafukuzia kuku kwenye tenga, mimi nikatoroka. Sikuwa na mpango. Naandika hivi kwa aibu: mara ya kwanza mimi kutokuwa na mpango. Nilitaka tu kuiona ile mashine kabla ya kwenda kusikiliza habari za mbuzi. Nikashuka mpaka mjini kwa miguu. Bibi Kusum alinikuta mlangoni, akanisogezea kigoda ndani. Nikakaa nikatazama. Namnyaki alikuwako pia, kigoda kingine, na yeye anatazama. Hatukusalimiana, kwa usalama.

Mara breki. Nazijua breki za mwanangu kama ninavyojua kikohozi chake. Akaingia akiwa ameinama, mlango ni mfupi kwake, na kuku mmoja bado yuko kwapani. Akamwuliza Elinami, mama yangu yuko wapi?

Elinami akafurahi kumwona. Amemsikia sana! Akampa mkono, akasema karibu, Bwana Lerionka wa daraja, lakini hapa hakuna mama yako. Yupo mdogo wako, Magdalena, yule pale kigodani.

Lerionka akasema mdogo wangu nani?

Magdalena, akasema Elinami. Wa miaka ishirini na saba.

Hata mashine zilisimama. Mwanangu akanitazama. Nilitamani sakafu inimeze. Nimeona morani wakienda kukutana na simba, nyuso zao hazikuwa kama ile. Haikuwa hasira. Ilikuwa uso wa mtoto aliyeachwa sokoni.

Kisha hasira ikaja. Ee, ikaja! Akavua kofia, akaitupa mezani. Akasema angalieni kichwa hiki! Hiki ni kichwa cha kaka wa msichana? Mimi nilizaliwa mwaka wa yale mafua makubwa, vita ya Wajerumani ikiisha, watu wakizikwa wawili wawili. Mwanamke huyu alinifunga mgongoni, akavuka nami mto Themi umefurika, kwa sababu alisikia upande wa pili kuna dawa. Nimenyonya kwake! Nimechapwa naye! Kuna kovu, nitawaonyesha kovu! Wa rika langu wote wana watoto, mimi mwenyewe nina mtoto anayetafuta mke, na mtu ananiambia huyu ni mdogo wangu? Huyu ni mama yangu! Ni mzee! Ni mzee kabisa! Mzee kuliko nyumba hii!

Akapiga meza. Kuku akamtoka, akarukia mashine.

Bibi Kusum akauliza, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto: ana watoto wangapi? Lerionka akasema sita hai, na wa mwisho yuko shule ya kati. Bibi Kusum akauliza, ataolewa tena? Lerionka akasema nani, huyu? Bibi Kusum akamgeukia Elinami, akapiga makofi mara moja. Andika!

Na Elinami akaandika, ulimi nje.

Hapo ndipo mwanangu alipofahamu alichofanya. Akatazama karani, akatazama Bibi Kusum, akanitazama mimi. Akasema, sikuja kwa ajili hiyo. Nimekuja kumchukua. Kitanda kiko kwenye lori. Nikainuka. Nikamwambia, Lerionka, nikikaa tu nitakufa, na safari hii wale akina mama waliokulilia hawatakuwa wamekosea. Nikamwambia atakayeuliza kwa nini mama wa Lerionka anafanya kazi, aambiwe kwamba mama wa dereva naye anataka chombo cha kuendesha.

Hakusema ndiyo. Alimkimbiza kuku. Kuku aliposhikwa ndipo akasema, kwa kuku si kwangu, kwamba lori lina kazi nyingine na kitanda hakiwezi kuzungukazunguka nalo, atakirudisha Sakina.

Nikatoa ushahidi wangu wa kwanza wa uzee. Nikasema mimi, mzee kuliko nyumba hii, nashuhudia kwamba Namnyaki alibatizwa siku moja na mimi. Naye akaandikwa. Akanifinya mkono. Nikaongeza, kwa ajili ya ukweli tu, kwamba yeye alikuwa mkubwa kidogo.

Kisha Bibi Kusum akanivalisha miwani yake mwenyewe, mpaka yangu ije, akaniketisha. Bwana wangu! Kumbe sufu ina nywele! Kumbe kila jicho la sweta, kile kitanzi cha uzi, limeshika mkono wa jicho jingine, safu nzima, hakuna lililoachwa peke yake! Nikainua uso kumwita Lerionka aone. Alikuwa mlangoni, anavaa kofia. Nikaona ndevu zake zina mvi. Nikaona mikunjo pembeni mwa macho. Siku zote nimekuwa nikimwona laini. Mwanangu amezeeka, na hakuna aliyeniambia.

Nikashika mpini. Nikasukuma kama ninayetikisa kibuyu. Chraaa.

Jumapili, 3 Julai

Leo kanisani nilivaa miwani ya Bibi Kusum, nimeiazima. Nimemwona mchungaji vizuri. Ni kijana mdogo kabisa! Nimempa shauri juu ya kola yake.

Mkono wangu wa kwanza wa sweta umetoka mpana kuliko wa pili. Bibi Kusum amesema yupo mtoto mahali fulani mwenye mikono hiyo. Siku nzima nimeeleza Sakina kuhusu sindano zile, na Jamaludin amekubali kwamba baiskeli si kitu. Lerionka alisimamisha lori karakanani jana, eti kuangalia gurudumu. Alikaa dirishani kitambo. Gurudumu lilikuwa upande wa pili.

Nimekoma uongo. Umenitesa mwezi mzima, umemuua mwanangu na kumfufua, umenipa ugonjwa wa macho usiokuwapo. Ukweli mmoja tu wa Lerionka, uliosemwa kwa kelele, umefanya kazi yote. Nimemwambia Namnyaki hivyo tulipotoka ibadani, akakubali, tukasalimiana bila shikamoo yoyote, kama watu wazima.

Sasa nasikia hospitali wanaandikisha wasichana wa kusomea uuguzi. Sare nyeupe! Kofia! Nasieku wangu, kichwa kile! Ila wanataka aliyetimiza miaka kumi na minane, naye ana kumi na minne.

Nimelitazama jambo hili kwa utulivu, kwa miwani. Mimi nilijipunguzia miaka ishirini na saba, ipo tu, haina mtu. Kesho asubuhi nampeleka Nasieku, na minne kati ya hiyo ni yake. Si uongo. Ni urithi.